Vumbi Lililofagiwa Kabla Hatujafika

Kosa nililifanya kwa simu, jioni moja, nikiwa naanua nguo kwenye kamba nyuma ya nyumba yetu Mwananyamala. Nilikuwa mwaka wa nne wa udaktari. Nilimpigia mzee mwenye banda la useremala kule Keko, nikamwamkia, nikamwambia kwamba kesho yake asubuhi ningefika na mashine za kupima vumbi, na kwamba ningekuwa pale siku tatu. Akaitikia marahaba, akasema karibu sana dokta, hapa ni kwenu. Nikakata simu nikiwa nimejaa kuridhika, kama mtoto aliyesifiwa kwa kuwasalimia wageni.

Mwongozo wa utafiti ulisema wazi kwamba tusitoe taarifa. Mafundi walikwisha kukubali kushiriki, walikwisha kuweka sahihi, na siku ya kupima tulitakiwa tutokee tu, tuwakute wanavyokuwa siku zote. Niliusoma ule mwongozo, nikausaini kila ukurasa. Lakini mimi nimelelewa na mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke aliyeshuka kutoka bara na masanduku mawili na adabu zake zote, na kuingia mahali pa watu wazima bila hodi ni jambo ambalo angenizabia kofi hata leo na udaktari wangu. Sikuwaza kwamba navunja mwongozo. Niliwaza kwamba mwongozo umesahau kuandika jambo ambalo kila mtu analijua.

Sasa nieleze nilifikaje huko. Chuoni kwetu kuna kitu kinaitwa fursa ya utafiti, na neno hilo nimelichoka hadi linanitia kichefuchefu. Mhadhiri anarusha ujumbe kwenye kundi la darasa: fursa kwa wanafunzi wawili, watakaokusanya takwimu. Basi watu wazima wenye akili zao wanakanyagana. Wanaandika barua za maombi za kurasa mbili ili wapewe ruhusa ya kubeba begi la mtu, kusimama juani na madodoso, na kushukuru. Kwa nini? Kwa sababu bila jina lako kwenye makala ya jarida, ukimaliza chuo wewe ni daktari kama madaktari wengine wote, na nafasi za kwenda kusoma zaidi zinawapita walio kama wewe bila kuwatazama. Hakuna somo linalokufundisha kutafiti sawasawa. Kuna mtu mmoja mwenye ufunguo wa mlango, na unajifunza kumchekea.

Mimi nilimchekea. Nilipata nafasi, mwenzangu akaugua akajitoa, kazi yote ikawa yangu. Msimamizi wangu, daktari bingwa mwenye sauti ya upole na saa nzuri mkononi, alitaka kujua vumbi la mbao linafanya nini kwenye mapafu ya mafundi. Swali zuri, hadi leo nasema ni swali zuri. Ningekuwa na ujasiri, ningelifia.

Banda lenyewe lilikuwa kubwa, la mabati, linatazama barabara. Mbele makabati na vitanda vinauzwa, katikati kuna mashine za kukatia na kuranda, na mwisho kabisa chumba cha kupigia msasa, kimezibwa kwa tofali pande tatu. Mwenye banda aliujenga ukuta ule baada ya wezi kumwibia mbao za mninga. Mafundi walikuwa wakimwomba muda mrefu auvunje ukuta wa nyuma, aweke wavu wa chuma, hewa ipite. Siku tulipokwenda kujitambulisha, mimi na msimamizi wangu, mzee alisimama mbele ya watu wake wote akasema: "Hawa ni wataalamu. Wakisema hili vumbi baya, ukuta nauvunja kesho yake. Wakisema halina neno, basi msinisumbue tena." Mafundi wakapiga makofi. Mama mmoja alipiga kuliko wote.

Mama huyo ndiye aliyekuwa na zaidi ya miaka kumi ndani ya chumba kile. Mwanamke wa pwani, mwembamba, mwenye maneno, kazi yake msasa kutwa nzima: miguu ya vitanda, milango ya makabati, mbao za emdiefu, zile za kiwandani za unga wa mbao na gundi, ambazo vumbi lake ni laini kama poda ya mtoto na unaingia kila mahali. Alikuwa na kikohozi kilichomfanya ashike ukuta. Nilipompa kifaa cha kupuliza, kile kinachopima nguvu ya pumzi, mshale ulisogea kidogo ukasimama. Akacheka. "Hiyo ndo pumzi yangu yote, mwanangu. Nyingine imebaki kwenye makabati ya watu."

Basi, asubuhi ya kwanza ya kupima nilifika saa moja na nusu. Sakafu ilikuwa imemwagiwa maji, imefagiwa, inang'aa. Maranda yamejazwa kwenye viroba na kupangwa nje. Chumba cha msasa kilikuwa kitupu, kimefutwa hadi kwenye kenchi za paa, na mbao za kupigwa msasa zimehamishiwa nje chini ya turubai, kwenye upepo. Mashine moja tu ndiyo ilikuwa ikifanya kazi, tena kwa mbali, ili tusikilizane. Mama wa msasa alivaa khanga mpya. Walinipa kiti cha kitambaa ambacho bado kilikuwa na bei yake imebandikwa, wakaniletea chai na chapati mbili. Mimi nikaona: hawa watu wastaarabu kweli.

Niliwafunga vile vimashine vidogo vya kunyonya hewa shingoni, kila kimoja na karatasi yake ya chujio, vikae nao kutwa. Kwenye fomu palikuwa na swali: je, leo ni siku ya kawaida ya kazi? Nikawauliza. Wakajibu kwa pamoja, "Kawaida tu, dokta." Nikaweka tiki. Siku ya pili vivyo hivyo, na ya tatu. Nilikula chapati zao siku tatu nikaweka tiki siku tatu.

Karatasi za chujio zilipopimwa uzito maabara, zilikuwa karibu kama zilivyotoka kwenye pakiti. Msimamizi wangu alifurahi kwa namna ya mtu aliyepata jibu rahisi. Mimi nilihisi kitu kikinikwaruza, ila sikujua ni nini. Nilikijua wiki tatu baadaye, niliporudi bandani kutafuta sahihi moja iliyokosekana. Safari hiyo sikupiga simu kwa sababu sikuwa na salio.

Niliingia nikasimama. Sikuona mwisho wa banda. Mashine zote zilikuwa zikinguruma pamoja, hewa ilikuwa ya njano, watu wana unga kwenye nyusi na kope kama watu wa mashine ya kusaga. Kule mwisho, ndani ya zile tofali tatu, nilimwona mama wa msasa kwa shida, kajifunga kitambaa puani, kitambaa chenyewe kimegeuka rangi ya mbao. Aliponiona akatoka mbio mbio akijipangusa, uso umejaa aibu.

"Jamani dokta, mbona hukusema kama unakuja? Unatukuta sie hivi, wachafu!"

"Mama, hivi ndivyo mnavyokuwaga?"

"Sasa tuweje? Kazi ndo hii. Siku zile si mlikuwa wageni? Tulimwagia maji tangu alfajiri, kila mtu na ndoo yake. Mie mwenyewe ndo niliwaambia msasa uende nje, mtoto wa watu asije akapaliwa."

Alisema kwa fahari, jinsi mtu anavyokueleza pilau aliyokupikia. Nami nilisimama pale nikajiona mpumbavu kuliko wote niliowahi kukutana nao. Nilikuwa nimewapigia hodi watu wenye heshima, nao wamefanya watu wenye heshima wanachofanya wakipata mgeni. Ningetegemea nini? Hata nyumbani kwetu, daktari angesema anakuja kutazama kama kuna mende, mama angepulizia dawa usiku kucha.

Kesho yake nilikuwa ofisini kwa msimamizi wangu kabla hajafika. Nilimweleza yote, sikujitetea. Nikamwambia kosa ni langu, niliwapigia simu, naomba turudie zile siku tatu, nitafanya mwenyewe, mashine ninazo, bila posho wala nauli. Alinisikiliza huku akifungua bahasha. Alipomaliza bahasha akanitazama.

"Binti, utafiti una ratiba. Kibali cha maadili kimekwisha muda. Muhtasari nimeshautuma kwenye kongamano."

"Lakini daktari, matokeo si ya kweli."

"Matokeo ni yale yaliyopimwa. Andika sentensi moja kwenye mapungufu ya utafiti, kwamba washiriki walijua mnakuja. Wasomaji wana akili, wataelewa."

Nikasema wale mafundi hawasomi majarida, wanangoja ukuta. Hapo upole ukamtoka. Aliniuliza kama najua ni wanafunzi wangapi walioitaka nafasi ile. Akanikumbusha kwamba aliyekiuka mwongozo ni mimi, na kwamba akipeleka jambo hili kwenye kamati, jina la kwanza kusomwa litakuwa langu, mwanafunzi wa mwaka wa nne ambaye bado anahitaji barua ya mapendekezo. Kisha akatabasamu tena, akaniambia nisiitie mchanga fursa yangu mwenyewe.

Nataka niandike hapa bila kujipaka rangi: sikushindwa kwa hoja, niliogopa. Niliiona ile barua ya mapendekezo, nikaona jina langu kwenye makala, nikaona miaka ya mama yangu ya kusahihisha madaftari kwa taa ya kandili, nikasema sawa daktari. Nikaenda maktaba nikaandika ile sentensi moja. Niliiandika vizuri sana. Nilijiambia kwamba kama ikikaa pale, basi ukweli upo, mwenye macho atauona. Ndivyo waoga tunavyojifariji.

Makala ilipotoka, msimamizi wangu aliamua kupeleka majibu bandani, kwa kuwa wafadhili wanapenda kuona picha za jamii ikirudishiwa majibu. Mafundi wakatupangia viti mbele, soda mezani, sakafu, bila shaka, imefagiwa. Aligawa nakala za makala iliyoandikwa kwa Kiingereza, moja kwa mwenye banda, moja kwa mwenyekiti wa mtaa, moja kwangu. Nilifungua ukurasa wa mwisho kabla hata hajaanza kuongea. Sentensi yangu haikuwepo. Nikaitafuta juu, nikaitafuta chini, nikageuza ukurasa kama mjinga. Nilimnong'oneza kumuuliza. Akanijibu bila kugeuza shingo kwamba maneno yalizidi, jarida lilitaka yapunguzwe.

Damu ilinichemka hadi masikio yakaziba. Kurasa nane! Kulikuwa na aya nzima ya kuwashukuru watu waliotoa magari, kulikuwa na maelezo ya wapi zile mashine zilinunuliwa. Kilichozidi ni sentensi yangu.

Akasimama, akaeleza kwa Kiswahili chake safi kwamba habari ni njema, vumbi katika banda hili liko ndani ya kiwango kinachokubalika, na uhusiano kati ya vumbi na matatizo ya kifua haukuonekana. Mwenye banda akapiga makofi. Mafundi wakatazamana. Mama wa msasa akanyoosha mkono, akasimama, akakohoa kwanza.

"Sasa daktari, na kifua changu mie?"

"Mama unapikia nini nyumbani?"

"Mkaa."

"Ndiyo hiyo sasa," akasema msimamizi wangu, na watu wachache wakacheka, kwa kuwa mkubwa amechekesha.

Yule mama hakucheka. Alinitazama mimi. Hakunitazama kwa lawama, angenitazama kwa lawama ningepona. Alinitazama kama mtu anayemtazama mwenzake anayejua, akingoja aongezee neno. Mimi nilikunywa soda. Niliishika ile chupa kwa mikono miwili nikanywa hadi ikaisha, na ukuta ukabaki mahali pake.

Jina langu ni la tatu kwenye ile makala. Lilinifanyia kila kitu nilichoahidiwa. Wenzangu walinipongeza kwenye kundi la darasa kwa makopakopa na mikono ya kupiga makofi, na mama yangu alizichapisha kurasa zote nane pale stationari, akawaonyesha walimu wenzake wastaafu. Najua mtu atauliza kwa nini sikuliandikia jarida. Nimeliandikia, mwaka huu, baada ya haya ninayotaka kumalizia, na hadi naandika hapa wamenijibu kwamba barua imepokelewa. Msimamizi wangu naye nilimtumia nakala kwa simu. Tiki mbili za bluu zipo, jibu hakuna.

Mwaka jana nikawa daktari tarajali kwenye hospitali moja ya umma, na asubuhi moja ya kliniki ya kifua mama wa msasa aliingia chumbani. Alikuwa amekonda hadi khanga inamzunguka mara mbili. Alikaa, akashika meza, akavuta pumzi kadhaa kabla ya kunitambua.

"Ala! Dokta wetu! Umekuwa mkubwa."

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Marahaba."

Nilimsikiliza kifua, nikatazama picha yake, nikampa kifaa apulize. Sitaki kuandika mshale ulifika wapi. Nilimuuliza kama bado yuko chumba kile kile akaniambia ndiyo, na ukuta upo, na sasa wameweka na mashine ya pili. Hakuomba dawa. Aliomba karatasi. Alitaka daktari aandike kwamba vumbi linamuumiza, ili mzee amhamishie mbele akashone vitambaa vya sofa. Kushona anajua, alisema, na hataki kuacha kazi, ana wajukuu wanamtegemea.

Niliandika ile barua kwa hasira yote niliyoiweka tangu siku ya soda. Niliandika wazi: ugonjwa wa mapafu, unachochewa na vumbi la mbao, asirudishwe kabisa kwenye chumba cha msasa. Nikaweka jina langu kamili, sahihi na muhuri. Alipotoka nilijisikia binadamu kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, na leo najicheka kwa kule kujisikia.

Alirudi siku nne baadaye. Hakuwa na miadi. Alisubiri kwenye benchi hadi wagonjwa wote walipokwisha, akaingia, akaniwekea karatasi mbili mezani. Moja ilikuwa barua yangu. Nyingine ilikuwa ukurasa wa kwanza wa ile makala, kivuli chake, na jina la tatu limepigiwa mstari kwa penseli nene ya fundi, ile ya kuwekea alama kwenye mbao.

"Mzee kasema nikuulize," akasema taratibu, bila ubaya wowote. "Kasema hili jina ni moja, huku na huku. Sasa kipi ndo ulisema kweli?"

Nilifunga mlango. Nikamwambia. Nilimwambia habari za simu niliyopiga nikiwa naanua nguo, mwongozo uliokataza, tiki tatu, chujio zilizorudi safi, sentensi iliyokatwa, barua ya mapendekezo, yote. Nilimwambia kwamba vumbi tulilopima halikuwa vumbi lake. Nilikuwa nalia na nilikuwa nimekasirika, nikimkasirikia yule daktari na jarida lake, nikijikasirikia mwenyewe, na nilikuwa nikingoja anitukane. Nilitaka anitukane. Nilimpa nafasi.

Aliikunja ile karatasi ya makala, mara moja, mara mbili. Midomo ilikuwa ikihesabu kitu. Nadhani alikuwa akizikumbuka zile ndoo.

"Kwa hiyo ni kule kufagia," akasema.

"Siyo nyie, mama. Ni mimi."

"Mie ndo niliwaamsha. Wenzangu walikuwa hawataki, walisema huyu mtoto atatukuta tu tulivyo. Mie nikawaambia hapana, tusimtie aibu." Akakohoa, akangoja pumzi irudi, kisha akaunyoosha mkono juu ya meza akanishika kifundo cha mkono. "Tusamehe, mwanangu. Tulikuharibia kazi yako."